Kisukari kati ya maabara na kliniki ya Jumanne: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Kliniki yetu ni Jumanne. Saa moja asubuhi benchi limeshajaa, hakuna aliyekunywa chai, na kila mmoja ana daftari lake, la wengine limeviringishwa kwenye kanga mpaka kona zimelika. Mimi ni muuguzi wa hiyo kliniki, na maswali haya nimeyaokota benchini. Watafiti wanajua mengi sana kuhusu kisukari, lakini mengi yanakwama njiani kabla ya kumfikia aliyekaa pale. Nimejaribu kujibu na pia kuonyesha yanakwamia wapi.

Sista, kila siku mnasema "utafiti unaonyesha". Utafiti gani huo, na unanihusu nini?

Una haki ya kuuliza. Karibu kila tunachokwambia kimesimama juu ya tafiti mbili. Ya kwanza ilifanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini ya kutosha kuishi, na matokeo yake yalitolewa mwaka 1993. Kabla ya hapo madaktari wenyewe walikuwa wanabishana: kubana sukari, yaani kuishusha hadi karibu na ya kawaida, kunasaidia kweli, au ni kumsumbua mgonjwa bure? Kwa waliobana, hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Ubishi ukaisha.

Ya pili ilifanyika Uingereza kwa watu 5,102 wenye aina ya pili, ile ambayo insulini ya mwili ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Ilianza 1977, majibu yakatoka 1998. Hiyo ndiyo iliyotufundisha jambo ambalo wengi benchini hawaliamini hadi leo, nalo ni presha. Kundi lililoshushiwa presha zaidi lilipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Kwa hiyo nikikufunga kile kitambaa mkononi wakati wewe umekuja "kwa ajili ya sukari tu", usinung'unike.

Kama yote hayo yanajulikana tangu 1998, mbona huku kwetu watu bado wanakatwa miguu?

Hili ndilo swali lenyewe, na linaanzia mbali kuliko 1998. Insulini, dawa ya sindano ya kushusha sukari, iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 ikachomwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anasubiri kufa. Wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isije ikawa ya matajiri. Miaka mia imepita na bado kuna mtoto anayefariki kijijini kwa sababu insulini iko wilayani na nauli haipo.

Ninavyoona mimi, tumepokea malengo ya tafiti lakini vifaa vyake vimebaki huko huko. Waliobana sukari kwenye utafiti ule wa kwanza walikuwa wanapima angalau mara nne kwa siku na walikuwa na timu ya kuwafuatilia kila mwezi, na kwa simu katikati. Mgonjwa wangu anapima mara moja kwa mwezi, Jumanne, akiwa amefunga. Halafu tunamlaumu sukari ikiwa juu.

Kikwazo kikubwa ni kitu kidogo kuliko kiberiti: stripu, kile kijiti bapa cha kuwekea tone la damu na kuchomeka kwenye mashine. Nimewahi kuendesha kliniki nzima na mashine tatu mezani, zote za msaada, kila moja ya kampuni yake, na boksi la stripu tulilokuwa nalo haliingii kwenye hata moja. Siku hiyo tulipima presha, tukatazama miguu, tukawaambia watu waje wiki ijayo. Wapo waliotoka kilomita arobaini.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliweka malengo ya kufikia 2030: asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegundulika, asilimia 80 ya waliogundulika sukari yao iwe imedhibitiwa, na presha vilevile. Mimi napenda zaidi lile la mwisho kwenye orodha, kwamba kila mwenye aina ya kwanza apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa bei anayoimudu. Angalau huko juu kuna mtu amekumbuka stripu.

Mwanangu yuko Marekani, ameniletea mashine ya kupimia. Inaandika 126! Ninakufa?

Hufi, mama. Mashine nyingi za kule zinahesabu kwa kipimo tofauti na chetu: wao mg/dL, sisi mmol/L. Gawa namba hiyo kwa 18: 126 ni sawa na 7.0, na 180 ni sawa na 10. Niliwahi kumpokea mzee aliyeletwa na bodaboda usiku kwa sababu ya namba 140, ambayo ni 7.8 tu, naye alikuwa ametoka kula.

Ombi kwa walioko ughaibuni: kabla ya kununua mashine, piga simu duka la dawa la karibu na nyumbani kwa mzazi uulize wanauza stripu za aina gani. Mashine bila stripu ni pambo la kabati.

Sina friji. Insulini si itaharibika?

Hapa kuna habari njema, tena imetoka kwetu Afrika Mashariki. Miaka yote kanuni ilisema insulini ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa isikae kwenye joto la juu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya, kanuni hiyo ilimaanisha mgonjwa asiye na friji analazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Nani atafanya kazi, nani atalea, akiwa anaishi njiani?

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na chuo kikuu cha Geneva wakapima joto halisi la ndani ya nyumba za pale. Lilikuwa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaipeleka insulini maabara, wakaipitisha kwenye joto hilo hilo kwa wiki nne, kisha wakaipima nguvu. Ilikuwa haijapungua nguvu ukilinganisha na iliyokaa baridini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Huu ndio utafiti ninaouheshimu kuliko mwingi, kwa sababu swali lake lilitoka kwa mgonjwa, halikutoka kwenye mkutano.

Kwa hiyo chupa unayoitumia inaweza kukaa nyumbani wiki nne, kivulini, mbali na jiko na bati. Andika tarehe ya kuifungua kwenye plasta, ubandike. Akiba ambayo hujafungua iache baridini, kwa jirani au zahanati. Kama huko kwenu joto linazidi 37, tumia chungu: kikubwa, ndani yake mchanga uliolowana, katikati chungu kidogo chenye dawa ndani ya mfuko mkavu, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Dodoma na Singida, ambako hewa ni kavu, kinafanya kazi vizuri. Tanga na Mombasa, kwenye unyevu wa bahari, kinasaidia kidogo tu.

Usiiweke kwenye friza. Iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana nzima. Na ile ya maziwamaziwa ikifanya mabonge au ikabandika ukungu kwenye kioo, itupe.

Kipimo cha miezi mitatu kinasema niko vizuri, mashine inasema sukari iko juu. Nani mkweli?

Pengine mashine. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kinaangalia sukari iliyojishika kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo ni kama daftari la duka linaloonyesha deni la muda wote huo. Lakini seli zikifa mapema, daftari linachanwa kurasa kabla halijajaa, na namba inatoka ndogo kuliko ukweli.

Nani ana seli za namna hiyo? Mwenye selimundu, na kwa kiasi fulani hata yule anayebeba kinasaba kimoja tu bila kuumwa. Utafiti kwa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wabebaji hao husomeka chini kwa takriban 0.3, ingawa sukari yao ni sawa na ya wenzao. Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi. Ongeza aliyeongezewa damu juzi, anayetibiwa upungufu wa damu, mjamzito. Kipimo hiki ni kizuri, lakini mizani yake ilipangwa kwa damu za watu wengine, na ukikitumia Mwanza unatakiwa ukitazame kwa jicho la Mwanza. Mwambie daktari kama kwenu kuna selimundu. Usisubiri akuulize.

Kwa nini mnatuvua viatu?

Kwa sababu mguu wenye ganzi hausemi. Dar es Salaam tuna bahati ya kuwa na daktari aliyeutazama mguu wa mwenye kisukari kwa miaka mingi, Zulfiqarali Abbas, ambaye pamoja na wenzake wa India na Ulaya walianzisha mpango wa kufundisha timu za kutunza miguu, hatua kwa hatua, Tanzania na India. Walitumia vitu vya bei ndogo: kiuzi cha plastiki cha kugusia unyayo kujua kama unahisi, kisu cha kukwangua sugu, na macho. Taarifa moja ya Abbas na wenzake, ya 2005, ilihusu panya. Watu wenye ganzi walikuwa wanang'atwa miguu usiku na hawaamki. Wanakuja kugundua asubuhi.

Nikiwaambia wageni wanacheka. Benchini hakuna anayecheka.

Sasa ya nyumbani. Kagua nyayo kila jioni. Kama hufiki, mtoto akuangalizie, au weka kioo sakafuni. Chomekea neti vizuri. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Nunua viatu alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Na jambo moja nalisema kila Jumanne mpaka wananiigiza: acheni kukanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Mzee mmoja alikandwa na mkewe kwa mapenzi mema kabisa. Yeye hakuhisi kitu, mke akaongeza maji ya birika. Malengelenge yalitokea usiku, na kidonda kilituchukua miezi mitano. Kama lazima kuosha kwa vuguvugu, apime mtu mwingine kwa kiwiko.

Nile dona badala ya sembe?

Kula dona, ina makapi na inashiba zaidi. Lakini dona nayo ni wanga. Shida ninayoiona ni mtu kuhamia kwenye dona, ulezi au muhogo akidhani amepewa ruhusa ya kula mlima mzima. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani mboga za majani, robo iliyobaki maharage, dagaa au samaki. Uji wa "lishe" wenye vijiko vinne vya sukari haujawa dawa kwa sababu ya karanga zilizomo. Soda, hapana.

Nimesikia kisukari kinapona. Kweli?

Aina ya kwanza, hapana. Aina ya pili inaweza kutulia, na neno hilo nalichagua kwa makusudi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, watu 298 waliougua si zaidi ya miaka sita na ambao hawakuwa wanatumia insulini. Nusu yao waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakaishi kwa supu na vinywaji maalumu vyenye takriban kalori 850 kwa siku. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya kundi hilo sukari yao ilikuwa ya kawaida bila dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 36. Uzito uliporudi, sukari nayo ilirudi.

Lakini angalia waliochaguliwa: wote walikuwa na uzito uliozidi. Kwenye benchi langu wapo wengi wembamba kama mimi. Tafiti za Uganda zimeonyesha kundi kubwa la wenye aina ya pili ambao si wanene, na tatizo lao zaidi ni kongosho kutoa insulini kidogo. Kumwambia mtu huyo ajinyime chakula ni kumdhoofisha. Kabla hujafuata video ya mtu aliyepona kwa kufunga, jiulize ana kilo ngapi. Na kama unatumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho, usianze kabla hujatuona, sukari itakuangusha.

Na dawa za majani?

Metformini, kidonge unachomeza kila siku, asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya unaoitwa galega. Sina ugomvi na majani. Ugomvi wangu ni na chupa isiyo na kipimo. Metformini tunajua miligramu ngapi, kwa nani, na figo zikiwa katika hali gani. Ukitumia mlonge, niambie, sitakugombeza. Ila usiache dawa ili "uijaribu".

Naweza kufunga Ramadhani?

Wengine ndiyo, wengine hapana, na jibu linatafutwa wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia. Uchunguzi mkubwa katika nchi 13 ulioitwa EPIDIAR ulionyesha kuwa kushuka kwa sukari hadi mtu kuhitaji hospitali kuliongezeka takriban mara tano kwa aina ya kwanza na mara saba na nusu kwa aina ya pili. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kubadilisha dozi na saa za dawa, daku na futari.

Miongozo ya kimataifa iliyoandaliwa kwa ajili ya wafungaji inasema kuchoma kidole hakuharibu saumu. Muulize sheikh wako ukitaka utulivu wa moyo, lakini pima. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Kama imeshuka, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika kumi na tano, pima tena.

Ninatumia dawa za VVU pia. Kwa nini nije siku mbili tofauti, majengo mawili tofauti?

Kwa sababu fedha za magonjwa hayo zilikuja kwa milango tofauti, na kila mlango ukajenga chumba chake. Kliniki za VVU zina majina, zina simu, zina mtu wa kukufuata usipokuja. Sisi wa kisukari tuna daftari lako, na ukilipoteza tumelipoteza wote.

Tanzania na Uganda lilifanyika jaribio, likachapishwa 2023, kwenye vituo 32: baadhi vikachanganya VVU, kisukari na presha kwenye kliniki moja, foleni moja, watumishi wale wale. Hofu ilikuwa kwamba wenye VVU wataharibikiwa. Haikutokea, virusi vyao vilibaki vimedhibitiwa sawasawa na vya wengine, na karibu tisa kati ya kila kumi wenye kisukari au presha walikuwa bado wanahudhuria baada ya mwaka. Faida nyingine ni ndogo kuielezea ila kubwa kuiishi: kwenye foleni moja hakuna anayejua jirani amefuata nini.

Kwa hiyo uliza kituoni kwako kama wameanza kuchanganya siku. Wakikuambia hapana, omba tarehe mbili ziwe wiki moja. Mara nyingi inawezekana, ni vile hakuna aliyewahi kuomba.

Mbona mnaniuliza habari za kikohozi?

Kisukari kinaongeza hatari ya kifua kikuu takriban mara tatu. Kikohozi cha wiki mbili, tuambie.

Wamekuja watafiti wanataka damu yangu. Nikubali?

Mimi huwa nasema ndiyo, kwa masharti. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na usomewe kama huoni vizuri. Waulize wana kibali cha maadili kutoka wapi. Tanzania kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yako ya Jumanne yasiguswe. Halafu uliza swali ambalo hawalitegemei: "Mkimaliza, majibu mtatuletea lini?" Damu za benchi hili zimekwenda mbali zaidi ya wenye benchi. Nakumbuka kundi moja tu lililorudi, likabandika karatasi ukutani, likakaa na watu kuwaeleza walichokiona. Watu walipiga makofi.

Zile sindano mpya za kupunguza uzito zitafika kwetu?

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza, semaglutidi ikiwemo, kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye aina ya pili na unene ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo. Orodha si stoo. Usinunue ya mtandaoni.

Nina dakika tano tu na daktari. Niulize nini?

Manne, na usiondoke kabla ya kujibiwa. Macho yangu yamepigwa tochi lini mara ya mwisho, baada ya kutanuliwa mboni? Mkojo umepimwa protini lini? Miguu umeigusa leo? Presha yangu ni ngapi na inapaswa kuwa ngapi? Yote hayo ni ya kila mwaka kwa uchache, presha ni ya kila ukija. Yaandike nyuma ya daftari kwa wino kabla hujatoka nyumbani, maana ukifika benchini, njaa na foleni vitakusahaulisha.